Dakika Saba na Kiti Kimoja

Jumatano, 5 Juni

Kwa Mwalimu wa Muziki,

Mimi unayenifokea mbele ya watoto nimeongoza bendi ya watu sitini. Sitini, mwalimu, si hao wako ishirini na wawili ambao nusu yao wameshika filimbi kama wanatafuna muwa. Nilikuwa nikiinua mkono, watu wazima wenye ndevu wanameza mate. Nikiushusha, mabati yanatikisika, na mabibi wa mstari wa mbele wanashika vilemba vyao.

Haya. Sikuongoza. Nilikuwa mpanga viti. Miaka kumi na tisa nilivipanga viti sitini na kuvipangua, na huo mkono niliouinua ulikuwa wa kufuta jasho. Lakini jana uliniita "mzee usiyejua hata dakika ni nini", nikaenda nayo nyumbani, nikaamka nimejipandisha cheo. Mtu akitukanwa bila cheo hana pa kujificha.

Sasa nakujibu kwa karatasi kama ulivyoamuru: "Kuanzia leo, ukiwa na neno na mimi, liandike!" Ulisema hivyo mlangoni mwa ukumbi, kijiti chako cha kuongozea kikinielekea puani. Basi nimeliandika na ninalisukuma chini ya mlango wa chumba chako cha vyombo.

Unasema kengele yangu ya kutokea inalia mapema kila Jumanne na Alhamisi na kuwakatia wimbo. Mwalimu, ile si kengele ya kitoto. Ni kipande cha chuma cha reli na nyundo, na nimeigonga miaka tisa. Ina makosa yake, lakini la kuwahi si lake.

Wimbo wenu haukatwi na mtu. Unakufa wenyewe, tena kwenye kona ile ile: pale ngoma inaponyamaza, tarumbeta zinarukia kabla ya wakati kama watu waliosikia chakula kimeiva. Muhula mzima nafagia veranda nikisikia mwanzo. Mwanzo naujua kuliko jina la baba yangu. Mwisho sijui hata kama mnao.

Mpiga kengele, ambaye pia ndiye mfagia ukumbi wako


Ijumaa, 7 Juni

Mzee,

Nimeipata karatasi yako. Nimeikanyaga kwanza, nikadhani ni takataka uliyoisahau, kama kawaida yako. Baada ya kuisoma naona sikukosea sana.

Sina muda wa vichekesho, kwa hiyo nisome taratibu. Simu zote, za walimu na za wanafunzi, hukaa ofisini tangu asubuhi kwa amri ya Mkuu. Ukumbini nina saa moja tu, ile ya ukutani juu ya jukwaa. Kipindi changu kinaisha saa tisa na dakika arobaini. Jana kengele yako ililia saa ile ikionyesha tisa na thelathini na sita. Jumanne vivyo hivyo. Wiki iliyopita vivyo hivyo. Ni dakika nne, mara mbili kwa wiki, kutoka kwenye dakika arobaini ambazo hata zikiwa kamili hazinitoshi.

Wewe unaona ni mzaha. Mimi nimeambiwa hivi na Mkuu: Ijumaa ya tarehe 5 Julai, siku ya kufunga shule, kundi langu lipige wimbo mmoja mbele ya wazazi, mwanzo hadi mwisho, bila kusimama. Likishindwa, vipindi vyangu vyote viwili vinakwenda kwenye hesabu, vyombo vinafungiwa stoo, na mimi mkataba wangu hautakuwa na kazi ya kufanya hapa. Watoto ishirini na wawili watarudisha filimbi na tarumbeta kwa sababu kuna mzee mwenye nyundo anayewahi kwenda kunywa chai.

Anayechukua kisicho chake ana jina lake. Unalijua. Nakupa hadi Jumanne ujirekebishe. Kengele ikilia mapema tena, nakwenda kwa Mkuu.

Na vumbi la nyuma ya jukwaa lina umri mkubwa kuliko kundi langu.

Mwalimu wa Muziki


Jumatatu, 10 Juni

Mwalimu Kijiti,

Mwizi! Nimeitwa mengi humu shuleni, lakini hilo hata marehemu mke wangu hakunifikisha, na yeye alikuwa na sababu.

Haya, kwa kuwa umemtaja mwizi, ngoja nikuonyeshe anakokaa. Alhamisi nilikaa kwenye ngazi za veranda na saa yangu ya mkono, ile ninayoilinganisha na redio kila asubuhi, nikapima kipindi chako kutoka kengele hadi kengele. Kuburuza viti na kugombania stendi za karatasi, dakika kumi na nne. Mtoto mmoja alikibeba kiti kimoja akizunguka nacho ukumbi mzima kama bwana harusi anayetafuta bibi harusi. Kulinganisha sauti, kila mtu akipuliza la kwake kwa wakati mmoja kama soko lililovamiwa na nyuki, dakika tisa. Wewe kufoka, kumi na tatu. Nimezipima kwa heshima, hata uliponyamaza kuvuta pumzi nilikuhesabia. Muziki wenyewe, dakika kumi na moja.

Na hizo kumi na moja ni mwanzo tu, mwanzo, mwanzo. Mkikosea mnarudi mwanzo. Mtu akipotea njia panda anarudi kwao akalale? Si anauliza palepale!

Usiku wa Mungu hauna mwizi kama kiti kisichojua mahali pake. Hilo nakuambia kama mtaalamu.

Lakini nina ombi, nalo naliandika bila kucheka. Usiende kwa Mkuu. Nitukane mimi, nitukanie nyundo, mtukane na mama wa nyundo, lakini Mkuu muache na mafaili yake. Nina sababu na siisemi. Ukienda tutalia wawili, na mimi nimeshazoea.

Mwizi wako


Alhamisi, 13 Juni

KWA: Mwalimu wa Muziki, Mpiga Kengele
KUTOKA: Mkuu wa Shule

Jumanne nilipokea malalamiko ya Mwalimu wa Muziki kwamba kengele ya kutokea hulia mapema. Kama ushahidi wa utovu wa adabu aliambatisha barua ya mpiga kengele ya tarehe 10.

Nilifundisha hesabu miaka kumi na minane. Nimejumlisha zile dakika za mpiga kengele: kumi na nne, tisa, kumi na tatu na kumi na moja. Jibu ni arobaini na saba. Kipindi cha dakika arobaini hakiwezi kuwa na dakika arobaini na saba.

Leo nimesimama uani na simu yangu. Kengele imelia saa tisa na dakika arobaini na saba. Nimeingia ukumbini: saa ya ukutani ilikuwa nyuma kwa dakika kumi na moja. Mpiga kengele nimemuuliza, amekiri kuwa muhula mzima, kila Jumanne na Alhamisi, anachelewesha kengele makusudi, na kwamba saa ile ameichezea yeye. Sababu amekataa kuitoa. Amenijibu kwa utani ambao siuandiki hapa. Wanafunzi mia sita wamecheleweshwa kwenda kwao ili kumfurahisha mtu mmoja.

Kwa hiyo: chuma cha kengele kitashushwa. Kuanzia Jumatatu tutatumia kengele ya umeme, itakayolia yenyewe. Mpiga kengele akae nyumbani hadi muhula ufungwe na asionekane ndani ya uzio. Saa ya ukumbi imerekebishwa.

Mwalimu wa Muziki: tarehe 5 Julai haibadiliki.

Mkuu wa Shule


Jumanne, 18 Juni

Mzee,

Nimempigia binti yako simu mara mbili nikaomba niongee na wewe. Mara zote mbili uliichukua ukaanza kuniimbia mwanzo wa wimbo wangu, kwa makosa yote. Basi naandika. Dereva wa gari la mkate anasema anakaa jirani na binti yako, atakuletea.

Ulikuwa unanipa dakika saba, na ukakaa kimya nikikuita mwizi. Kwa nini? Ulitaka niaibike? Umefaulu. Niliingia ofisini kulalamika kwamba naibiwa dakika nne, nikatoka nimepoteza saba. Walimu wa hesabu wananisalimia kwa kunionyesha vidole saba.

Leo ndiyo mara ya kwanza nimefundisha kwa dakika arobaini za kweli. Hatukufika hata kwenye kona. Tulikuwa bado tunalinganisha sauti kile kidude cha ukutani kilipoanza kulia, na kinalia dakika nzima, hakikohoi. Mtoto wa klarineti ameniuliza, "Mwalimu, mbona leo kipindi kimekonda?"

Zimebaki Jumanne mbili na Alhamisi tatu. Nieleze ulifanya nini na saa yangu. Na hiyo habari ya viti, sema yote uliyo nayo badala ya kurusha vijembe. Siombi. Nakwambia kwamba una wajibu, kwa sababu shimo hili umelichimba wewe.

Mwalimu wa Muziki

N.B. Ukiniita tena Kijiti sitaendelea kusoma.


Ijumaa, 21 Juni

Mwalimu usiye Kijiti,

Mimi ndiye nimechimba? Mwalimu, mimi nilikuwa tawi, na wewe ulikuwa umelikalia, na msumeno ulikuwa mkononi mwako. Na barua yangu ukaipeleka wewe kwa mikono yako miwili, wala hukujumlisha kwanza! Mimi nina udhuru: nilijifunza kuhesabu, kujumlisha kulikuja mwaka niliotoroka shule. Wewe una cheti.

Saa ni hivi. Nilipoanza kuchelewesha kengele, niliogopa utatazama ukutani utashtuka, utaniuliza, na wewe huna siri. Uso wako unasema yote kabla ya mdomo. Basi Jumamosi moja nikapanda ngazi na mpini wa ufagio, nikaurudisha mshale nyuma dakika saba. Kengele ingelia tisa na arobaini na saba, saa yako ingesema arobaini, dunia yote ingekuwa imepona. Lakini saa ya kizee hairudishwi nyuma. Ilinuna. Ikaanza kupunguza dakika yake mwenyewe leo, nyingine kesho kutwa, hadi zikatimia nne ndipo ikatulia. Nilipaswa kuipandia kila Jumatatu, ila goti langu liligoma. Ndiyo maana ikafika kumi na moja nyuma, na kengele yangu iliyochelewa ikaonekana imewahi. Nimekupa dakika saba ukaona nimekuibia nne. Hakuna mtu duniani aliyewahi kujipalia makaa kwa ustadi kama huo, na ninadai sifa zangu.

Lakini hata wewe! Kengele ya kuingilia ilikuwa inalia saa yako ikisema bado dakika kumi na moja. Hukuona hata siku moja. Unatazama saa wakati wa kutoka tu, ukitafuta wa kumlaumu. Mtu asiyejua ameanza saa ngapi atajuaje kimeishia wapi?

Umeuliza kwa nini. Mkuu nilimjibu kwamba nampenda mwalimu wa hesabu na nilitaka azidishiwe muda. Wewe nakwambia ukweli, tena mara moja tu. Mpanga viti hasikii mwisho. Wimbo wa mwisho ukianza, yeye yuko nje, anafungua turubai la lori ili watu wakimaliza tu kupiga makofi vitu viingie. Miaka kumi na tisa nimesikia mwanzo na katikati. Halafu nikaja hapa, kuna ukumbi, kuna veranda, nikasema angalau watoto hawa watanifikisha. Wakanifia kwenye kona, siku zote. Nikadhani wanahitaji dakika saba. Kumbe wanahitaji mwalimu mwingine.

Sasa viti. Kiongozi wa bendi yetu tulimwita Bubu, na hakuwa bubu, alikuwa mchoyo wa maneno. Wapigaji wake walikuwa wafanyakazi wa zamu, alikuwa nao nusu saa tu. Sakafuni nilichora maduara ya chaki yenye namba. Kila mtu anajua namba yake, anabeba kiti chake na stendi yake, anakaa. Hakuna kusogea, hakuna "nipishe". Kulinganisha sauti kulifanyika mlangoni, mmoja mmoja akiingia, tuu, pita, tuu, pita. Ubaoni palikuwa na sehemu tatu za siku hiyo, na ya kwanza ni ile iliyooza. Wimbo mzima ulipigwa mara moja, dakika za mwisho, kama mtu anayekula nyama baada ya mifupa. Ambao zamu yao haijafika walipiga kwa vidole bila sauti, hawakukaa kupiga umbea. Na Bubu akitaka kusimamisha alikunja ngumi. Basi. Hakufoka. Jaribu, ingawa najua itakuuma kama jino.

Mzee aliyekosa nyundo


Alhamisi, 27 Juni

Mzee,

Nimesoma. Lile la mwalimu mwingine nimelisoma mara mbili ili nisilisahau.

Matokeo, kwa kuwa najua utamsumbua dereva wa mkate hadi akwambie. Chaki: Jumanne viti vilichukua dakika sita, leo dakika mbili na nusu. Ilibidi nichore upya maduara kwa rangi, maana uliyemwachia ufagio anafagia kuliko wewe, jambo lisilo gumu.

Ya mlangoni haifai. Bubu wako alikuwa na watu wazima. Mimi nilipata foleni hadi kwenye mabomba ya maji, na wawili wakarushiana vifuniko. Nimefanya ya kwangu: kila kikundi kina mtoto mmoja anayetoa sauti, wenzake wanamsikiliza na kumfuata, kikundi baada ya kikundi. Dakika tatu. Unaweza kumfundisha Bubu popote alipo.

Sijafoka tangu Jumanne. Ninakunja ngumi. Watoto wananiogopa zaidi na kichwa kinaniuma, lakini leo tulipiga muziki dakika ishirini na sita. Nilizipima mimi, tangu kuingia.

Na bado wanakufa pale. Tumeanzia kwenye kona siku zote mbili, kama ulivyosema, hatukugusa mwanzo. Ngoma inanyamaza mapigo manne, kisha wote waingie pamoja. Hawangoji manne. Wanangoja mawili, tarumbeta zinaruka, filimbi zinazifuata, kila kitu kinaanguka. Nimewahesabia kwa mdomo, nimewahesabia kwa kijiti. Nikihesabu wanaweza. Nikiacha wanaruka. Wazazi hawaji kunisikia mimi nikisema moja mbili tatu nne.

Mara mbili zimebaki. Kama una neno, liandike. Kama una kejeli, ibaki kwa binti yako.

Mwalimu wa Muziki


Jumapili, 30 Juni

Mwalimu,

Binti yangu anakusalimia, anasema kejeli zimemtosha, anaomba ukae nazo wewe kidogo.

Watoto wako hawaogopi wimbo, wanaogopa kimya. Nani kawafundisha? Muhula mzima kila mkinyamaza kidogo wewe unapiga makofi, "Haraka, haraka, muda unakwisha!" Sasa unawaambia wanyamaze mapigo manne, wanasikia sauti yako ikija kwa nyuma. Na mimi ningeruka.

Acha kuhesabu. Nimekitazama kimya cha watu sitini miaka yote hiyo, na hakuna aliyekihesabu kichwani peke yake. Walitazama kitu. Yule wako wa ngoma kubwa, msichana mtulivu anayekaa kama mzigo uliosahaulika stendi ya mabasi, mpe kazi. Ngoma ikinyamaza, ainue gongo lake juu polepole, mapigo manne hadi lifike juu ya kichwa. Wote wamtazame yeye, si wewe. Likifika juu, wanavuta pumzi. Likishuka, wanaingia. Na wewe, nakuomba sana, geukia dirishani.

Waambie kitakachotokea kitokee, paka aingie, mtu apige chafya, Mkuu azimie, macho yasitoke kwenye gongo.

Lingine sina. Tarehe 5 siruhusiwi hata kunusa uzio. Kawapige.

Mzee


Jumamosi, 6 Julai

Mzee,

Usiichukue barua hii kama msamaha. Naandika kwa sababu dereva wa mkate amekataa kubeba salamu za mdomo. Anasema zangu zinamuumiza masikio.

Jana. Tulipangiwa kuanza saa tisa na nusu, wimbo ni dakika nne, kila mtu awe nje kabla ya kengele. Mkuu alisema ana maneno mawili tu kwa wazazi. Akayasema hadi tisa na dakika thelathini na tano. Yeye, aliyetujumlishia dakika! Nilikuwa nimesimama pembeni nimekunja ngumi hadi kucha zikaniingia.

Watoto waliingia, namba zao, viti vyao, dakika mbili hata hazikutimia. Mzazi mmoja alianza kupiga makofi kwa ajili ya viti. Wakaanza. Mwanzo ulikwenda, unaujua. Tukafika kwenye kona. Ngoma ikanyamaza, yule msichana akaanza kuinua gongo, na mimi nikageukia dirishani kama ulivyotaka.

Na hapo hapo kile kidude kikalia. Hakuna aliyekumbuka kukizima. Kwenye kile kimya, Mzee. Ukumbi wote ukageuza shingo. Wazazi wengine walinyanyuka kuchukua mikoba. Nilijua tumekwisha, na sikuweza kugeuka.

Kisha nikawasikia wakivuta pumzi. Ishirini na wawili, mara moja. Gongo likashuka wakaingia, wote, tarumbeta na filimbi na klarineti, juu ya ile kengele, wakaenda nayo hadi sauti ya mwisho, nayo bado inalia. Waliishikilia hadi nilipogeuka, na makofi yakaanza kabla kidude hakijanyamaza.

Mkuu alisimama. Amesema vipindi vinabaki, vyote viwili. Akasema pia kengele haikuwa kwenye ratiba ya burudani. Nadhani ulikuwa utani, ni wake wa kwanza.

Habari zako: unaweza kurudi muhula ujao kufagia. Chuma chako hakirudi. Sikukuombea. Nilisema tu kwamba nyuma ya jukwaa ni pachafu, ambalo ni kweli.

Unanidai. Sipendi kudaiwa, na kudaiwa na wewe sipendi zaidi. Sema unachotaka, tumalize.

Mwalimu wa Muziki


Jumatatu, 8 Julai

Mwalimu Kijiti (sasa huwezi kuacha kusoma, una deni),

Kwanza, kuhusu nyuma ya jukwaa: ni kuchafu kwa sababu ndiko ulikokuwa ukitupa karatasi zako za hasira. Nina mfuko mzima. Moja ina orodha ya majina yangu, na sita kati yake sikuyajua.

Pili, nikuambie jambo. Nilikuja. Ijumaa nilimwambia binti yangu nakwenda kunyolewa, nikapanda gari la mkate. Ndani ya uzio sikuingia, amri ni amri, lakini Mkuu hakusema lolote kuhusu nje ya ukuta. Kuna tofali limechomoza pale nyuma ya ukumbi, ambapo ukuta wake ndio uzio, chini ya dirisha. Nikalikalia nusu. Nilimsikia Mkuu na maneno yake mawili, nikahesabu elfu moja mia mbili. Nilisikia viti: havikulia, mwalimu. Viti ishirini na viwili vilikaa chini kama watu wazima. Hapo nilivua kofia, na mimi kofia sikuivulia hata polisi.

Nilisikia mwanzo. Nikasikia ngoma inanyamaza. Nikashika tofali.

Sasa nikuulize, ni fundi gani mwenye akili anafunga kengele ya umeme ukutani kwa nje, juu ya dirisha la ukumbi, juu kabisa ya kichwa cha mzee wa watu? Ilinilialia kwenye fuvu dakika nzima. Niliziba masikio nikayazibua, wapi! Hata miguu yangu mwenyewe sikuisikia. Iliponyamaza, nilichokisikia ni makofi. Nilidhani mmeanguka wazazi wanawaonea huruma. Nimekaa siku mbili nikiamini tumekufa kwenye kona, sili vizuri, binti yangu akaanza kuniuliza nani kanifia. Barua yako imefika asubuhi hii na mkate.

Kwa hiyo mwisho bado sijausikia. Watoto wako wameufikia, wewe umeufikia, Mkuu ambaye hakuutaka kaupata bure, na mimi nimepewa makofi tena, kama zamani pale kwenye lori.

Nakudai dakika saba, kila Jumanne na kila Alhamisi, muhula mzima. Mpe Mkuu ajumlishe. Sizitaki. Nakudai kitu kidogo kuliko hapo. Jumanne ya kwanza mkifungua, kabla sijashika ufagio, pigeni ule wimbo mara moja hadi ukome, na hicho kidude akikalie mtu. Na pale mbele uchore duara moja la ziada, uniwekee kiti. Kisiwe kile cha kijani, kinabana. Namba iwe yoyote.

Ila nisikipange mimi.

Mzee wa Kengele